Kadowaki Yasuo, Mwomba Radhi Mkuu wa Chuo Chetu

Jioni ya leo, tarehe 31 Machi, Bwana Kadowaki Yasuo ataifunga droo ya meza yake, ile isiyofungika mpaka uipige goti, na kustaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Ufundi Sazanami, hapa Yonago, kwa miaka thelathini na minne. Alianza kazi akiwa na nywele nyingi na mgongo ulionyooka. Nywele zilikwenda zenyewe. Mgongo ameumaliza kazini, na hadithi ninayoandika katika kijitabu hiki cha sherehe ya kumuaga, mimi ninayekaa naye ofisi moja, ni ya huo mgongo.

Wanafunzi humwita Mwalimu Kadowaki ingawa hajawahi kufundisha hata kipindi kimoja. Mlangoni pameandikwa Mshauri wa Wanafunzi wa Kigeni. Kazi yake kwenye makaratasi ilikuwa kuwapokea vijana wanaomaliza shule za lugha ya Kijapani, wengi wao wakitokea Nepal, Vietnam, Sri Lanka na Uzbekistan, na kuwasaidia kuchagua fani. Chuo kina fani nne: ufundi magari, uangalizi wa wazee, hoteli, na utengenezaji wa vitamutamu vya jadi. Kwa Mwalimu Kadowaki fani ilikuwa moja tu. Kijana akisema anapenda kuchora, aliambiwa magari. Binti akieleza ndoto yake ya kufanya kazi hotelini, Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akamsifu kwa ndoto nzuri, kisha akamuuliza kama amewahi kufikiria magari.

Msimcheke bila kujua sababu. Gereji za mkoa huu huja kuchukua mafundi wetu hata kabla hawajamaliza mitihani, na mgeni akihitimu bila kupata kazi ya fani aliyosomea, kibali chake cha kuishi kinakwisha na anarudi kwao. Miaka mingi iliyopita Mwalimu alimsindikiza kijana mmoja uwanja wa ndege kwa sababu hiyo. Tangu hapo hakutaka kusikia habari ya fani yenye kazi za kubahatisha.

Hiyo ndiyo kazi ya kwenye makaratasi. Kazi yake yenyewe ilikuwa kuomba radhi.

Mkiwa na bweni la vijana wa nchi tisa katikati ya mtaa wa wastaafu, kila wiki kuna jambo. Chupa zimetupwa siku ya kuzoa taka za magazeti. Mtu kakaanga pilipili, king'ora cha moto kimelia, wazima moto wamekuja na kukuta mchuzi. Na kwetu mtu akikosa haendi kuomba radhi mikono mitupu, huenda na boksi la vitamutamu. Mwalimu Kadowaki alikuwa na vipimo vyake. Kelele na taka zilistahili manju, yale maandazi madogo ya mvuke yenye maharage matamu ndani. Mambo makubwa yalitaka yokan, jeli ya maharage iliyoshikana mpaka ukiibeba unahisi umebeba tofali. Boksi likiwa zito, na majuto yanaonekana mazito. Mwanafunzi mkosaji alibeba, Mwalimu aliinama, na mwenye nyumba akishapokea boksi kwa mikono miwili, yamekwisha. Hakuna kuyarudia.

Maboksi yote yalitoka duka moja, la Bibi Kikumoto Fusae, nyuma ya kituo cha treni. Bibi alikuwa akimwona Mwalimu anavuka barabara, anaanza kufunga boksi kabla hajaagizwa.

Tatizo la mpango huu lilikuwa Mzee Nagami, mwenyekiti wa mtaa, ambaye nyumba yake inatazamana na bweni. Mzee huyu alizipenda manju kuliko amani. Tuligundua kwamba malalamiko yake yanaongezeka kila Agosti, wajukuu wanapomtembelea. Mara moja alipiga simu, nikapokea mimi.

"Mwambie Bwana Kadowaki jana kuna mtu kacheka bwenini."

"Alicheka vibaya, Mzee?"

"Alicheka sana. Na wajukuu wangu wako watatu, mwambie hivyo pia."

Mwalimu alijua mchezo wote na alikwenda. Alisema mtu anayekulalamikia kwa ajili ya andazi ni jirani, na majirani wa aina hiyo hawatafutwi mbali.

Sasa nifike kwa Sarmila Gharti, binti kutoka Nepal, aliyeambiwa magari akakubali kwa adabu. Mwaka wake wa kwanza alikuja mkaguzi kutazama chuo, naye kwa bahati mbaya akaegesha gari lake jeupe kwenye uwanja wa magari ya mazoezi. Sarmila na kundi lake walikuwa wameagizwa kufungua giaboksi ya gari jeupe. Mkaguzi alipotoka kula chakula cha mchana alilikuta gari liko juu ya jeki, giaboksi imelazwa mezani juu ya kitambaa safi, kila nati kwenye kibakuli chake. Alisimama pale akaisifu kazi kwa muda mrefu kabla hajalitambua gari. Kesi hiyo ilikwisha kwa yokan mbili. Niongeze kwamba mwaka uliofuata mkaguzi yuleyule aliegesha palepale na kuacha funguo ndani. Alisema siku hizi linasita kidogo likipanda mlima.

Lakini siku ya zile yokan mbili, Sarmila alipokwenda dukani kubeba, alimkuta Bibi Fusae anafinyanga kitamutamu kiwe ua la mpulamu, kwa vidole viwili na ukucha. Akasahau kilichompeleka. Mwalimu alimwita mara kadhaa, mwishowe akabeba maboksi mwenyewe. Kesho yake binti alikuwa mbele ya meza yetu anaomba kuhamia vitamutamu.

"Mwanangu," Mwalimu akasema, "magari."

"Gari nimeshalifungua, Mwalimu. Sikusikia kitu moyoni."

"Ulilifungua vizuri mpaka mwenye gari akasifu."

"Hata hivyo."

"Maduka yale huajiri mtu mmoja kila anapokufa mmoja. Ukimaliza utakwenda wapi?"

"Kwa huyo aliyekufa."

Alimsainia fomu, na wiki nzima akalalamika kwamba chai yangu haina ladha. Chai ilikuwa ileile.

Sarmila alimaliza wa kwanza darasani. Kazi hakupata. Duka moja lilimwambia wateja wake wamezoea mikono ya hapahapa. Kiwanda kimoja kilimtaka kwa kufunga pakiti, lakini kufunga pakiti si fani aliyosomea, na uhamiaji wasingempa kibali. Mwaka huu, sherehe za mwaka mpya zilipokwisha tu, Bibi Fusae naye akabandika tangazo mlangoni: duka litafungwa mwisho wa Machi. Ana miaka themanini na moja, vifundo vya mikono vinamuuma, na mwanawe wa pekee anauza bima Osaka na hapendi maharage.

Kwa hiyo palikuwa na duka lisilo na mikono, na mikono isiyo na duka, na dakika kumi za kutembea kati yake. Hata mhasibu wetu, ambaye haoni chochote nje ya kompyuta, aliliona hilo.

"Nenda ukamwombe amchukue," nilimwambia Mwalimu. "Ni sentensi moja tu."

Akaenda. Akarudi na boksi la manju.

"Umemwomba?"

"Nilianza vizuri."

"Halafu?"

"Akaniuliza leo wameharibu nini. Nikaomba radhi."

Hapo ndipo tulipomjua vizuri mtu tuliyekaa naye miaka yote hii. Mwalimu Kadowaki aliweza kuomba radhi kwa wazima moto, kwa mkaguzi, kwa mbwa wa Mzee Nagami. Kuomba msaada hakujui. Mdomo wake hauna njia hiyo. Januari nzima alikwenda dukani kumwombea Sarmila kazi na kurudi na boksi, na sisi ofisini tukala. Mhasibu alikuwa akiona karatasi ya duka la Kikumoto, anakimbilia chooni. Sketi zangu mbili nimempa dada yangu, na sitegemei kuzidai.

Katikati ya Februari, Sarmila alianza kugawa vyombo vyake ili arudi kwao, maana kibali chake cha masomo kilikuwa kinakaribia kwisha. Alikuja ofisini na sufuria yake ya presha, ile iliyowahi kuwaita wazima moto, akaiweka mezani kwangu, akanifundisha jinsi ya kuilegeza filimbi. Nililia mbele yake, na sioni aibu kuliandika hilo kwenye kijitabu cha sherehe. Mwalimu aliitazama ile sufuria. Kisha akavaa koti.

"Sarmila, twende," alisema. "Wewe utabeba."

Yaliyotokea dukani nimesimuliwa na Sarmila, na Bibi Fusae ameyakubali yote isipokuwa sehemu ya machozi.

Mwalimu aliagiza yokan kubwa kuliko zote, ile ya kesi nzito. Bibi akafunga, akakaza kamba, akauliza kama kawaida, "Haya, leo wameunguza nini?"

Mwalimu alilipa. Akalichukua boksi, akaligeuza kwa mikono miwili maandishi yamwelekee Bibi, akamsukumia palepale juu ya kaunta. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa kioo.

"Samahani sana."

"Kwa lipi? Mimi hakuna aliyenikosea."

"Bado. Huyu binti atakukosea. Atakuunguzia maharage. Atakuchosha kwa maswali. Atakusumbua kila asubuhi miaka na miaka, na aliyekuletea usumbufu ni mimi. Naomba radhi mapema, maana nikishastaafu sitakuwa na cheo cha kuja kuomba."

Sarmila akaona Mwalimu bado kainama, naye akainama. Bibi Fusae aliificha mikono yake chini ya aproni. Alijua vizuri kuliko sisi wote kwamba akilipokea yamekwisha, kwa sababu ameuza maboksi kwa sheria hiyohiyo maisha yake yote.

"Yasuo, hilo boksi ni langu mwenyewe."

"Nimelilipia."

"Mgongo utakatika, inuka."

"Sijasamehewa."

Mteja mmoja aliingia, akaona, akatoka. Bibi alimgeukia Sarmila.

"Wewe maharage unayaunguzaje?"

"Siyaunguzi, Bibi."

"Utayaunguza. Hata mimi niliyaunguza." Akaitoa mikono chini ya aproni, yote miwili, na vifundo vyake vilivyovimba, akalivuta boksi upande wake. Sarmila anasema Bibi alifuta macho. Bibi anasema ulikuwa unga.

Tangazo lilibanduliwa siku hiyohiyo. Kibali cha Sarmila kimetoka wiki iliyopita, na kesho anaanza kazi rasmi, ingawa Bibi ameshamgombeza tangu Februari. Sufuria nimemrudishia. Mzee Nagami, aliposikia nani anastaafu, alitupigia simu akiwa na wasiwasi mkubwa kuhusu mustakabali wa malalamiko. Tumemhakikishia kwamba wanafunzi wapya wanaingia Aprili na wanacheka sana.

Mwalimu Kadowaki, tutakukosa. Tutakukosa kila simu itakapolia na kila tutakapopiga droo goti. Umetufundisha kwamba kuinama kwa ajili ya mtoto wa mwenzio hakumpunguzi mtu kimo, au kunampunguza kidogo tu. Pumzika sasa, nyoosha mgongo, kula kitu chenye chumvi. Tunakuombea afya na siku njema nyingi mbele yako.

Limebaki jambo moja. Kwenye meza ya mbele, wageni wetu, mnaliona boksi moja. Ni yokan ya kwanza ambayo Sarmila ameipika peke yake toka kuloweka maharage mpaka kufunga kamba. Ni nzito, mhasibu ameijaribu. Wengi mmedhani ni ya Mwalimu. La, ni ya Mama Toshie, mkewe, aliyekaa safu ya mbele na ambaye kwa miaka yote hii chakula chake cha jioni kilipoa akimsubiri mtu aliyekwenda kuinama kwa majirani. Kwa hilo, Mama, tunaomba radhi. Tunaomba radhi mapema pia kwa yanayokuja, kwa kuwa kuanzia kesho atashinda nyumbani kutwa nzima, na atakushauri kuhusu magari.

Tafadhali lipokee kwa mikono miwili. Ukishalipokea, Mwalimu hatumchukui tena.

Ikuta Mitsue
Ofisi ya Wanafunzi, meza ya pili kutoka dirishani