Evance Hatoki Uvunguni

Kijiwe cha Magomeni, Kilosa, ni mataruma mawili ya reli yaliyolazwa juu ya matofali kwenye baraza la duka lililofungwa, na mbele yake Melkizedek na birika lake la kahawa. Mvua ikinyesha, watu hujibana hapo wakabishana mpaka birika likauke, na mwaka huu mvua haikuwa na adabu. Wiki tatu nyuma mto ulipanda mchana kweupe ukamchukua Magreth, binti wa miaka tisa wa Ulimboka fundi baiskeli, aliyekuwa ameteremka kuanua nguo. Hawa hawa wa kijiweni walishika miti wakapekua matope siku sita. Hawakumpata. Matanga yaliondolewa bila kaburi, mama mtu akaenda kwao Lumuma na hajarudi, na tangu hapo jina la mtoto halikutajwa tena penye kahawa.

Asubuhi hiyo Ulimboka alikaa pembeni, akapokea kikombe, asinywe. Aliona haya. Swali lenyewe alilibeba tangu alfajiri, akilitafutia namna ya kulisema kiume, akaikosa.

— Jamani, alisema mwishowe. Mtoto mdogo unamchezesha nini ndani ya nyumba? Kitu cha bure.

Wote walijua ni mtoto gani. Evance, mwanawe aliyebaki, miaka minne, tone la kwanza likigonga bati anaingia uvunguni, anakumbatia mguu wa kitanda, humo humo kutwa. Hiyo ilikuwa siku ya pili hajala. Selestina, jirani aliyekuwa akimwangalizia mtoto, alikwishamwambia Ulimboka waziwazi: huyu uji wangu hautaki, mtoe humo wewe mwenyewe, mchezeshe, asije akakufia na huyu.

Wa kwanza kurukia alikuwa Waya, fundi simu, kijana ambaye hajaoa wala hajalea hata kuku.

— Oya, mbona simpo! Mpe simu. Katuni zipo kibao. Si unajua, mficha uchi hazai.

— Uchi umeingiaje hapo? aliuliza Melkizedek.

— Namaanisha asifiche simu, mzazi! Halafu simu ina mionzi. Ile mionzi inafyonza woga kichwani. Ukimlaza nayo shavuni siku tatu, anatoka humo hamwogopi hata simba wa Mikumi.

Mzee Signo alitema kashata pembeni. Alipungia treni bendera miaka ishirini na tisa, na mpaka leo hajawahi kukiri kwamba treni inaweza kukosea.

— Upuuzi. Sisi kota za reli mvua ilikuwa mwezi mzima, na nani alilia? Unachukua vibiriti vitupu, unaunga kwa uzi, hayo ni mabehewa. Uvungu ndiyo stesheni. Mwenda pole hajikwai, treni inakwenda!

— Mzee, vibiriti anavyo, alisema Ulimboka. Nilimwekea jana. Hakuvigusa.

— Basi hana chuma mwilini. Watoto wa reli walilala wanasikia injini, mifupa ikakaza. Tafuta kipande cha reli, kichemshe, yale maji umwogeshe. Hataogopa kitu.

— Maji tena, mzee? alisema Melkizedek kwa sauti ya chini.

Ulimboka alitazama mchirizi wa mvua unavyochimba udongo barabarani. Alianza kujuta kuuliza.

Ndipo Bonifas alipojikohoza. Wanamwita Jaji, kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi mahakama ya mwanzo mara moja, kesi ya mbuzi.

— Nyie mnatibu homa kwa kupaka mkaa. Huyu mtoto ana kesi, na haijasikilizwa. Ulimboka, sikiliza. Jaza beseni. Liweke sebuleni. Beseni ndiye mshitakiwa. Mtoto umpe fimbo, wewe uwe karani, msomee mashitaka. Akikutwa na hatia, achapwe!

— Nani achapwe?

— Maji!

— Unaona! Waya aliruka. Maji ukiyavulia nguo...

Akasita. Hakuna aliyemcheka, na methali ikaishia hapo hapo. Ulimboka aliwachukia kwa dakika nzima, kisha akakumbuka Jaji akiwa amezama kwenye tope hadi kifuani, siku ya tano, wengine walipokwishakata tamaa, na chuki ikampotea.

Akaingia mwanamume mrefu, shuka imeroa, fimbo mkononi.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mwanangu, aliitikia Mzee Signo. Wa wapi?

— Naitwa Lemayan. Tumehamia juzi, ng'ombe wako kule bondeni. Naomba kujikinga kidogo.

Melkizedek akampa kahawa, akamweleza kwa ufupi: mtoto wa bwana huyu anaogopa mvua, hatoki uvunguni, hali chakula, tunamtafutia mchezo. Lemayan akasikiliza, akanywa, akamgeukia Ulimboka.

— Kwani mwenyewe anapenda kucheza nini?

— Mpira, alisema Waya.

— Huyo? Mpira? alisema Ulimboka.

Alitafuta jibu kichwani. Alijua viatu vya mtoto ni namba ngapi, alijua anaugua kifua wakati wa baridi. Lakini mchezo? Kila jioni alirudi na grisi mikononi, akawasikia nyuma ya pazia, dada na mdogo wake, wanacheka mpaka wanakosa pumzi. Kazi ya kulea ilikuwa ya dada, ndivyo nyumba zote zinavyokwenda, na yeye alichosema ni kimoja tu: punguzeni kelele. Hata siku moja hakufunua lile pazia akaona wanacheka nini.

— Sijui, alisema. Anayejua ni Magreth.

Waya akainama. Mzee Signo akavua kofia.

— Basi si ndiyo dawa hiyo, alisema Lemayan, akifurahi kusaidia. Huyo Magreth aitwe. Yuko wapi?

Ulimboka aliweka kikombe chini, kahawa imejaa vilevile, akaingia kwenye mvua kwenda kwa mtoto, akamwulize mwenyewe walikuwa wakicheka nini.