Gugu la Mama Ndoo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Ndoo, fundi cherehani, aliyetuaga wiki iliyopita. Jina hilo alipewa na majirani. Alikaa ghorofani, hana hata kipande cha ardhi. Alichokuwa nacho ni roshani nyembamba na ndoo. Ndoo za rangi, ndoo zilizopasuka, hata beseni kuukuu, zote zimejaa udongo. Humo alilima mchicha, nyanya na vitunguu vya majani.

Kinyozi wa chini alimjia juu maji yalipomdondokea mlangoni. "Mama, wateja wangu wanakuja kunyolewa, hawaji kuogeshwa!" Mama Ndoo akamteremshia fungu la mchicha. Kelele zikaisha. Mkono mtupu haulambwi, wasikilizaji.

Bintiye anasema mama alikuwa na hofu moja tu: "Nikitangulia, huyu mzee atakula nini?" Mzee ni mumewe, makanika mstaafu. Injini aliijua. Jani hakulijua.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana Mama Ndoo alilazwa hospitali, na nyuma aliacha miche ndiyo kwanza inachomoza. Mzee akataka kumfurahisha mkewe. Akapalilia. Aling'oa miche yote, akaacha magugu! Akayamwagilia asubuhi na jioni mpaka yakastawi.

Mama aliporudi alisimama pale roshani. "Umeyaona?" mzee akajisifu. Bintiye alikuwepo, na anasema alitamani kujificha jikoni. Mama hakugomba. Alichuma gugu moja la majani mapana, lile linaloliwa, akalipika. Lilikuwa chungu kweli. Mzee akala, akamaliza sahani, ndipo akauliza ni mboga gani hiyo.

"Yako hiyo, baba watoto. Si ndiyo uliyonilimia?"

Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

Kesho yake alianza kumfundisha. Jani kwa jani, ndoo kwa ndoo. "Chuma ncha, using'oe shina, litachipua tena." Mzee alilalamika kwamba hata gari lina vipuri vichache kuliko nyanya. Lakini alijifunza, na mama alimsimamia hata alipokuwa hawezi tena kusimama, akiwa kwenye kiti, mtungi wa maji miguuni.

Baada ya mazishi, bintiye alitaka kumhamishia baba kwake na kuzigawa zile ndoo. Mzee akakataa katakata. Tulipompigia simu jana alikuwa ametoka kula.

"Nimepalilia," alituambia. "Safari hii sikukosea. Mchicha upo, na nimejipikia, ingawa chumvi ilizidi. Ila lile gugu nimeliachia ndoo yake. Lile namwagilia kwanza."

Tunawapa pole mzee, bintiye, na kinyozi wa chini, ambaye siku hizi maji yakimdondokea hasemi kitu. Nawe unayetusikiliza ukisema huna shamba, hebu itazame hiyo ndoo yako iliyopasuka. Na kama nyumbani yupo anayejua kupanda, muulize leo, angali yupo wa kukujibu.