Majina Kumi na Moja ya Sajini Simiyu

Wapendwa waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, mimi Magdaline, kifungua mimba, kuwasomea maisha ya baba yetu, Sajini Hezekiah Simiyu, ambaye hakupenda hotuba ndefu wala watu wa kuchelewa.

Alizaliwa Kimilili tarehe 20 Januari 1934, mwana wa tatu wa Mzee Masinde, akasoma huko huko hadi darasa la nane, akajiunga na polisi mwaka wa 1957, na mwaka wa 1964 akaletwa Nyeri. Tarehe 18 Desemba 1965 alimwoa mama yetu, Gathoni wa Kutus, wakajaliwa watoto wanne, wakatulea hapa Skuta, baba akiongea Kikuyu cha makosa kwa sauti ya amri, na wakwe zake wakijifanya wameelewa.

Tarehe 9 Agosti 1981 basi lilitumbukia mtoni, naye akawa askari wa kwanza kufika, akatoa maiti kumi na moja kwa mikono yake, akaandika majina yao kwenye kijitabu chake cha kazi. Tangu siku hiyo alinyamaza, hata sisi hakutuita, ila kila asubuhi saa kumi na mbili alisimama langoni kwa sare kamili, akayasoma majina yale kama kwenye gwaride, akingoja waitike. Jirani yetu Moffat alisema ati ni pombe. Sisi tulikosea zaidi, tukaficha kijitabu, naye akatoka kuwatafuta watu wake barabarani, akakaa siku tatu bila kula, na mama akaamini amekuwa mjane mumewe akiwa hai.

Ndipo alipokuja Sista Murugi, muuguzi wa afya ya akili aliyezunguka nyumba kwa nyumba, akaagiza kijitabu kirudishwe, akawakusanya majirani kila Alhamisi katika ukumbi wa kanisa. Baba alisoma majina yake kumi na moja, wote wakanyamaza pamoja naye, kisha Sista akaita rejista ya walio hai, na jina la kwanza lilikuwa la baba. Alhamisi ishirini zilipita bila jibu. Tarehe 4 Machi 1982 alisema, "Niko," na Moffat akalia kuliko sisi wote.

Mwaka uliofuata alirudi kazini, na kikundi kile akakiongoza hadi alipougua figo. Hatutadanganya kwamba alisahau, maana asubuhi nyingine zilikuwa ngumu, lakini alijua pa kwenda. Alituaga Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 1989, hospitalini mjini Nyeri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, askari wenzake, majirani waliochota maji na kupika, na kikundi cha Alhamisi, kilichotuuliza kama jina lake lifutwe kwenye rejista. Tumesema hapana. Litahamishiwa kwenye kijitabu, liwe la kumi na mbili, tutanyamaza kidogo, kisha rejista itaanza na jina la mama, naye ameahidi kuitika.

Pumzika kwa amani, Baba, sisi tuko.