Kila Mahali Isipokuwa Golini

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina miguu mitatu na tofali. Anayelikalia kwa mara ya kwanza hudhani ataanguka, na wanaolikalia kila siku hufurahi sana kumwona akidhani hivyo. Kinyozi mwenyewe anaitwa Balozi. Cheo hicho hakupewa na serikali yoyote. Ujanani alinyoa mabaharia melini, akapita bandari nyingi kuliko anavyoweza kuzikumbuka, na ukimuuliza leo aliona nini huko duniani, atakwambia kwa unyenyekevu kwamba aliona visogo. Asubuhi hiyo redio ya dukani, ambayo huwa haizimwi hata mteja akilalamika, alikuwa ameizima kwa mkono wake. Jana yake jioni ilikuwa imetangaza kwamba klabu imeachana na kocha, na kabla birika la kahawa halijatoa mvuke, benchi lilishajaa watu wenye maelezo.

— Eti kwa makubaliano ya pande zote mbili! — alianza Dokta kabla hajakaa sawasawa. Dokta anauza dawa ya panya. — Hata panya wangu mimi hufa kwa makubaliano ya pande zote mbili.

— Taratibu, — alisema VAR. Huyu ni fundi umeme, na jina hilo la video ya marudio mpirani alilipata kwa sababu hakubali kwamba jambo limetokea mpaka asimuliwe mara ya pili. — Turudi nyuma tuangalie tukio upya. Kocha kafukuzwa kwa nini?

Mlangoni, Balozi alikuwa akisafisha mashine ya kunyolea kwa brashi. Brashi ikasimama.

Jibu lilikuwa linajulikana. Kwenye mechi na watani wa jadi, dakika za mwisho kabisa, beki alirudisha mpira kwa kipa. Mpira wenyewe ulikuja polepole, kwa adabu, kama unaomba njia. Kipa akainama kuuokota, ukampita katikati ya miguu. Kipa huyo mtaa mzima ulikuwa unamwita Sumaku, kwa jinsi mipira ilivyokuwa ikimnasa mikononi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Sumaku tena. Naye ni kifungua mimba wa Balozi.

— Nyasi, — VAR alijijibu haraka, kabla swali halijapoa.

— Nyasi zimefanya nini?

— Upande wa kule zimekatwa fupi. Mpira ukifika pale unaongeza mwendo. Kocha alitakiwa akague, hakukagua. Kwaheri.

— Uwanja ule una nyasi, VAR? — Dokta akacheka. — Pale ni upara mtupu, hata Balozi hapo hapati cha kunyoa. Sikiliza nikwambie. Ni jezi.

— Jezi tena?

— Jezi mpya za njano. Rangi ya njano inaita wadudu. Wadudu wakaja kwa wingi, wakawaingia mabeki machoni. Mimi ni mtu wa wadudu, hayo nayajua.

— Wewe si mtu wa panya?

— Panya na wadudu. Soma pakiti.

Bi Birika, mwenye kahawa, aliinua kichwa kutoka kwenye jiko lake la mkaa. Huwa hasemi mpaka wote wamekosea.

— Mmemaliza? Basi mimi nililiona basi la timu likiingia uwanjani siku ile. Liliingia kinyumenyume. Kwa macho yangu haya. Dereva alishindwa kukata kona, akarudi nyuma mpaka ndani na wachezaji wakiwemo. Sasa mtu kafika kazini kwa kisogo, jioni unamwambia ashambulie mbele, atajulia wapi?

— Hapo shangazi umenigusa, — alisema Dokta.

— Hebu rudia, — alisema VAR.

Bi Birika akarudia. VAR akatikisa kichwa kama jaji, kisha akaja na lake jipya: saa ya mwamuzi. Alikuwa ameiona kwenye televisheni kwa karibu. Ilikuwa saa ya kununuliwa ughaibuni na haikurekebishwa, kwa hiyo inakwenda kwa majira ya huko.

— Maana yake ni kwamba lile goli, kwa saa ya mwamuzi, lilifungwa kabla halijatokea. Na goli lisilotokea huwezi kumfukuzia mtu kazi.

— Lakini wamemfukuza.

— Ndiyo maana nasema wamekosea!

— Wamekosea mno, — aliitikia Dokta, sasa moto umempanda, — maana mpira wenyewe ulikuwa laini, ndugu zangu, laini kabisa, hata bibi yangu na mgongo wake ule ange—

Bi Birika akamwagia kahawa kwenye kandambili. Si nyingi, kiasi cha kumkumbusha.

— Angefanya nini bibi yako? — aliuliza kwa sauti tamu.

— Ange… angeshangilia, — alisema Dokta, akipangusa vidole. — Bibi yangu anapenda mpira sana.

Hapo ndipo Balozi alipong'amua. Tangu asubuhi alidhani wanapiga soga zao za kila siku. Kumbe mazungumzo yalikuwa yamezunguka uwanja mzima, yakapita kwenye nyasi, kwenye jezi, ndani ya basi, mpaka kwenye mkono wa mwamuzi, yakaenda kila mahali isipokuwa katikati ya milingoti miwili. Na watu hawa ndio ambao hawajawahi kumwonea haya mtu! Siku duka lilipofurika maji walikaa benchini wakimpigia makofi akitoa ndoo. Leo walikuwa wanasema upuuzi kwa zamu, kwa bidii, jasho likiwatoka, ili baba mtu asisikie neno kipa.

Akatamani kuwaambia kitu, lakini mdomo wake haukuwa umefundishwa kazi hiyo. Mdomo wa Balozi ulijua vichekesho peke yake. Hata kwa kocha ulikuwa umemwangusha vivyo hivyo. Baada ya ile mechi, viongozi wa klabu walimwita kocha wakamwambia kijana atolewe golini. Kocha akawajibu kwamba akimtoa sasa, kijana atadaka woga maisha yake yote. Mechi iliyofuata akampanga tena. Kesho yake kocha akaja kunyolewa kama kawaida, akakaa kwenye kiti, akafumba macho, na Balozi akasimama nyuma ya kisogo kile akiwa na neno moja tu la kumwambia. Akafungua mdomo, kikatoka kisa cha nahodha mmoja wa meli na wigi lake lililopeperushwa na upepo. Alikuwa hajafika hata mwisho wa kisa simu ya kocha ilipolia, kocha akaondoka akiwa bado anacheka.

Na leo kocha anahama. Na leo pia Sumaku ametoka nyumbani alfajiri bila kuaga. “Kaondoka na glavu zake,” mama yake alisema akiwa amesimama jikoni. Baba na mama waliwaza kitu kimoja: amekwenda kuzitupa kwenye shimo la taka nyuma ya soko.

— Mbona umenyamaza, Balozi? — aliuliza VAR. — Tupe la bandarini.

— Mimi, — alisema Balozi, akijikaza kisabuni, — katika kuzunguka kwangu…

— Bandari gani leo? — walipokea kwa pamoja.

— …nimewahi kuona kocha kafukuzwa kwa sababu ya kofia. Aliivaa, timu ikafungwa. Akaivua, ikafungwa. Uongozi ukasema basi tatizo ni kichwa.

Walicheka kuliko kisa kilivyostahili. Hilo nalo akaliona.

Lori dogo likasimama mbele ya duka, likazimwa, likakohoa, likazimika kweli. Akashuka dereva, mwanamume mnene mwenye taulo shingoni.

— Shikamooni wakubwa zangu.

— Marahaba. Karibu kahawa.

— Nitashukuru. Naulizia anapokaa kocha wa mpira. Nimekodiwa kuhamisha vyombo vyake, na maelekezo niliyopewa yananirudisha hapa hapa kila mara.

— Kaa kwanza upoe, — alisema Bi Birika. Dereva akakaa, benchi likayumba, akashika tofali, wote wakafurahi. Kisha, kwa kuwa msikilizaji mgeni ni neema, wakammwagia yote upya: nyasi, wadudu, basi kinyumenyume, saa ya ughaibuni. VAR akasimulia la saa mara mbili. Dereva alisikiliza kwa heshima mpaka akafika kwenye mashapo ya kahawa.

— Samahanini, — alisema. — Mimi mambo ya mpira si mjuzi. Hivi siku hiyo golini alikuwa nani?

VAR akaanza kukagua tofali. Dokta akachukua pakiti ya dawa ya panya akaisoma kama barua ya mpenzi. Bi Birika alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikafurika, akaendelea kumimina.

— Mwanangu, — alisema Balozi.

Aliiweka mashine mfukoni mwa aproni.

— Kifungua mimba wangu. Mpira ulimpita hapa, — akaonyesha katikati ya magoti yake, — kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani. Kocha aliambiwa amtoe, akakataa, ndiyo wakamfukuza. Nyasi hazimo.

— Wadudu je? — aliuliza Dokta, polepole, kama anayemwombea mgonjwa.

— Hata wadudu hawamo, ndugu yangu. Wala basi, shangazi. Lakini asanteni. Asanteni sana, jamani.

Alisubiri kichekesho kifuate, maana huwa kinafuata. Hakikufuata. Neno lilikuwa limetoka peke yake na mbingu haikuanguka. Balozi akaona kwamba kama ndivyo, afadhali amwahi kocha kabla mdomo haujabadili mawazo. Akakunja shuka la kunyolea, akachukua brashi, akafunga mlango.

— Twende, dereva, nakuonyesha. Anakaa ghorofani, ngazi zenyewe nyembamba. Una watu wa kubeba?

— Niko na taulo tu, mzee.

VAR akasimama. — Friji niachieni mimi.

— Na wewe Dokta? — aliuliza Bi Birika. — Si ndiwe uliyemzomea kocha mpaka sauti ikakauka?

— Sikuzomea. Nilikuwa nasafisha koo.

— Basi utamalizia kulisafisha chini ya godoro. Panda!

— Nawe shangazi unakwenda wapi na birika?

— Niwaachie vikombe vyangu mwende navyo? Nawajua nyie.

Wakaondoka nyuma ya lori, wameshikana, birika likitoa mvuke kama injini ya pili. Njia nzima Balozi alikuwa akilitafuna neno lake lisije likageuka wigi.

Walishuka kwenye ua wa nyumba ya kocha. Kocha alikuwa juu, kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza, amevaa fulana ya ndani, ndevu zimemjaa. Alikuwa ameshachoka na zile ngazi, na vilivyokuwa vyepesi alivitupa kupitia roshani. Chini alisimama kijana mrefu aliyewapa mgongo. Ukatupwa mto, akaudaka. Likatupwa furushi la nguo, akaruka pembeni, akalidaka, akalilaza juu ya mengine bila kuligusisha vumbi. Mikononi alikuwa na glavu, na kila mara miguu aliibana.

Balozi akatafuta kitu cha kushikilia, akapata bega la Dokta.

Kocha akawaona. Akawatazama nyuso zote, na nyuso hizo alizijua kutoka jukwaani.

— Mmekuja kunizomea mpaka nyumbani?

— Tumekuja kubeba, — alisema VAR, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na uhakika.

Sumaku akageuka, akamwona baba yake, akainamisha kichwa.

— Kocha! — Balozi alipaza sauti. Madirisha ya majirani yakafunguka. Kwake ilikuwa sawa. — Siku ile dukani kuna neno nilitaka kukwambia, nikakupa la wigi. Asante. Kwa ajili ya huyu hapa. Mama yake naye anashukuru. Ni hilo tu.

Kocha alijipangusa uso kwa ile fulana, jua lilikuwa kali, au tuseme hivyo.

— Na yule nahodha, — aliuliza hatimaye, — wigi lake alilipata?

— Shuka nikunyoe. Huwezi kusafiri na ndevu hizo, wenzako watadhani ulitoroka. Nitakumalizia kisa.

— Nashuka. Ila kwanza kuna hii.

Akaingia ndani, akatoka na saa kubwa ya ukutani, ya kioo, inayotembea. Bi Birika akasema hapana, kocha, hiyo ipitie ngazini kama binadamu. Kocha hakumtazama. Alikuwa anamtazama kijana.

— Uko tayari?

Sumaku akapiga glavu moja kwa nyingine, akabana miguu, akainua mikono.

Saa ikaachiwa. Dokta alifumba macho. Balozi alitaka kuyafumba yakakataa, kwa hiyo aliiona yote, ikigeuka hewani, kioo kikimulika ukuta, ua, birika, hadi ilipofika mikononi mwa mwanawe ikatulia hapo kama imerudi nyumbani. Katika ukimya ule wote walisikia mishale yake ikiendelea kutembea.

— Sumaku! — alipiga kelele Dokta, mtu aliyekuwa amefumba macho, na ua mzima ukaitikia.

Wakamgeukia VAR, kumngoja aombe kurudiwa.

— Marudio ya nini? — alisema, akipenga kamasi. — Nimeona.