Breki Zilizobaki Ndani ya Boksi: Maisha ya Fundi Josephat Masele wa Usagara

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na dada wa marehemu, Dorcas Masele. Ule wa kwanza, uliochapwa na wenzake wa klabu ya magari, picha ya gari ikiwa kubwa kuliko sura ya marehemu, Dorcas aliutia motoni jana jioni maji ya chai yakichemka. Ulisema kwamba Josephat alifariki akifanya alichokipenda. Alichokipenda Josephat ni kula ugali nyumbani kwake huku watoto wakimpanda mabegani. Kwa hiyo familia imeanza upya.

Marehemu Josephat Masele alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, Mabuki, wilayani Misungwi. Alikuwa kitindamimba kati ya watoto watatu wa marehemu Mzee Yakobo Masele na Mama Bernadetta, aliyeketi hapa mbele. Dorcas, mtoto wa kwanza, ndiye aliyembeba mgongoni mama akipalilia pamba. Alikuwa mzito, na alikuwa halii.

Alisoma Shule ya Msingi Mabuki kuanzia 1992 hadi 1998. Hakuwa kichwa darasani, na hakuna haja ya kumsingizia leo. Mara nyingi alichelewa namba za asubuhi shuleni kwa sababu alisimama njiani kusikiliza mashine ya kusaga. Akiwa darasa la tano alimwambia mwenye mashine, "Shikamoo. Mashine yako inaumwa upande huu wa ukutani." Alifukuzwa kwa fimbo ya mbuzi. Siku ya nne beringi ya upande wa ukutani ikavunjika, na yule mzee akaja nyumbani mwenyewe kuuliza, "Yule mtoto wenu mwenye masikio yuko wapi?" Mwaka 2000 hadi 2002 alisomea ufundi wa magari jijini Mwanza.

Alifanya kazi chini ya mafundi wakubwa pale Igogo, kisha mwaka 2009 akafungua gereji yake Usagara, karibu na njia panda. Alikuwa na utaratibu wake, na wateja wote waliofika hapa wanaujua. Hakushika spana kabla ya kukaa kiti cha abiria, akafumba macho, akasema, "Endesha." Gari lilisikilizwa kwanza, ndipo likafunguliwa. Madereva wa malori ya ng'ombe walimcheka, kisha wakarudi kwake.

Tarehe 23 Juni 2012 alifunga ndoa na Odeta, katika kanisa la Misungwi. Gari la bibi harusi liligoma kuwaka nje ya geti. Bwana harusi aliyekuwa akingojea kanisani alipata habari, akatoka, akainama ndani ya boneti akiwa na suti ya kuazima. Alipomvisha Odeta pete aliacha alama ya grisi kwenye glavu nyeupe. Odeta akamnong'oneza, "Mikono hiyo niliikubali zamani, endelea." Glavu ile anayo hadi leo na hajaifua.

Sasa magari. Mwezi Machi 2024 mkandarasi mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake aliuza magari mawili ya Kimarekani. Ford Mustang nyekundu ya 1968, yenye injini ya lita tano, ilinunuliwa na Ndugu Shimba, mfanyabiashara. Chevrolet Camaro nyeusi ya 1969, lita tano na nukta saba, ilinunuliwa na Injinia Rwekaza. Ukitaja V8 hapa Mwanza watu wanageuka kutafuta msafara wa mkubwa. Hizi zilikuwa V8 za kale, silinda nane kwenye bloku ndogo, zilizoundwa ili gari dogo likimbie. Wanaume wazima, wenye wake na mashamba, walibishana mwaka mzima lipi zaidi. Wakamfanya Josephat mwamuzi.

Aliwaamulia. Daftari lake liko mkononi mwa Dorcas. Aliandika kwamba Nyeusi huvuta kwa nguvu zaidi ikiondoka, na ukitaka kuiongezea nguvu inakubali bila ubishi. Nyekundu ina nguvu pungufu, lakini injini yake ni nyepesi, kwa hiyo pua si nzito na kona inaisikia. Mwisho akaandika: "Mita mia nne za kunyooka, barabara imefungwa, Nyeusi. Barabara yenye watu, ng'ombe na mama mwenye ndoo kichwani, Nyekundu. Na Nyeusi kama ilivyo sasa isiende hata dukani."

Wasifu wa marehemu huwa na aya ya ugonjwa. Josephat hakuugua. Ugonjwa ulikuwa wa gari jeusi na ulijulikana miezi mitano. Kosa halikuwa la waliolitengeneza. Rwekaza alilifungia kabureta kubwa na kamshafti kali, nguvu zikaongezeka karibu nusu, lakini magurudumu yote manne yakabaki na breki zilezile za drum, kuukuu. Josephat alimwambia mbele ya watu, "Injinia, umempa mbio, hujampa pa kusimamia." Rwekaza akaagiza breki za diski, zikafika. Hakuzifunga. Diski zilikuwa kubwa, zisingeingia ndani ya zile rimu zake za kung'aa. Angelazimika kuvua rimu, na Rwekaza alipenda rimu zile zionekane.

Jumapili, tarehe 8 Februari 2026, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, magari mawili yalipangwa sambamba kwenye barabara ya Usagara kwenda Kigongo. Josephat aliitwa kusikiliza injini ya Nyeusi ikiwa kwenye mwendo. Ndugu Shimba alikuwepo, na Jumatatu alikuja msibani akasema yote mbele ya Mama Bernadetta, akilia. Familia inamshukuru kwa hilo, na kwa hilo tu.

"Breki je?" Josephat aliuliza.

"Nimeshafunga, ngosha," Rwekaza alimjibu. "Panda."

Josephat akapanda. Dorcas amelia sana kwa sababu ya neno hili na anamkasirikia ndugu yake kwa hilo: hakuinama kutazama. Miaka kumi na saba aliinama chini ya magari ya watu, na asubuhi ile aliona aibu kuinama mbele ya msomi aliyekwisha kusema. Akakaa kiti cha abiria, akafumba macho.

Mbele yao akina mama waliokuwa wakienda misa walikuwa wanavuka. Nyekundu ilisimama. Nyeusi haikusimama. Rwekaza aliitoa barabarani, ikazunguka na kugonga kalavati kwa ubavu wa kulia. Usukani wa gari lile uko kushoto. Hakuna mpita njia aliyeumia. Josephat alifariki palepale, bado mwezi mmoja na siku sita atimize miaka arobaini na miwili. Polisi walipofungua buti walikuta boksi la breki, utepe wake wa gundi haujakatwa. Shauri liko mikononi mwao.

Tangu Jumapili baadhi yenu mmekuwa mkinong'ona kwamba cha kujitakia hakina kilio. Josephat hakuwahi kushindana barabarani hata siku moja. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa asiyesikia amevunjika mkono, amekaa mstari wa tatu na bandeji nyeupe, na aliyesema ndiye tunayemzika.

Familia imesikia pia kwamba Jumapili ijayo kuna mbio za kumkumbuka, barabara ileile, saa ileile. Familia haijaomba, haijakubali, na itasimama katikati ya barabara ile, Mama Bernadetta akiwa kwenye kiti. Atakayetaka kutupa udongo kaburini leo autupe kwa mkono ambao hautashika usukani siku hiyo. Asiyeweza kuahidi, abaki alipo.

Marehemu ameacha mama, Bernadetta, mjane, Odeta, watoto watatu, Precious wa darasa la saba, Gladness wa darasa la nne, na Yakobo wa miaka mitano, ambaye tangu juzi anakaa kiti cha kulia cha gari lolote analolikuta limeegeshwa na kufumba macho. Ameacha pia dada, Dorcas, na kaka, Obedi.

Wenzake wa klabu wameegesha nje ya ua, injini zikiunguruma, wakingoja jeneza lishuke wapige resi mara tatu kwa heshima yake. Yeye alisikiliza magari yenu maisha yake yote, na nyinyi hamkumsikiliza. Zimeni.

Dorcas hataendelea kusoma mpaka kimya kiwe kamili.

Apumzike kwa amani, ndugu yetu Josephat.