Mlio wa Qaalin

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni shangazi yangu Jawahir, mwaka 1974, siku tuliyomzika kaka yake Duale. Kijiwe ilipotokea kilikuwa ubao wa lori bovu uliowekwa juu ya madebe kando ya soko la Garissa, na Jawahir ndiye aliyeuza pale kahawa na buni za kukaangwa kwa samli. Ilikuwa 1966, wakati wa vita vya shifta, waasi wa kaskazini. Jua likizama hapakuwa na ruhusa ya kuwa nje, na anayekwenda Nairobi alisafiri kwa msafara wenye ulinzi wa jeshi, uliokusanyika alfajiri ng'ambo ya daraja la Tana. Mbele ya ubao siku hiyo lilisimama gari dogo kuukuu la Duale. Alilipa jina Qaalin, yaani mtamba wa ngamia, kwa sababu ya mateke yake. Taa zake zilikuwa pambo tu, moja ikiwa kitako cha chupa ya jemu. Kiti cha nyuma kilisukwa kwa kamba za ngozi. Ubavuni palikuwa na alama ya moto: lilipoanza kukohoa, Duale alilichoma kwa chuma, kama anavyochomwa ngamia mwenye kikohozi. Halikupona. Kila mara lilitoa mlio kama bunduki, na soko zima likalala chini.

Kesho yake gari hilo lilipaswa kumpeleka Nairobi mama yao, Rahmo. Tezi ya shingoni ilikuwa imeanza kumbana pumzi, na daktari alisema akatwe upesi. Malori ya msafara asingeyaweza kwa vumbi na msukosuko. Lakini wanajeshi wapya waliokuja kulinda msafara walikuwa wametangaza kwamba mlio wowote njiani utajibiwa kwa risasi.

Waliokaa kijiweni walizungumza Kiswahili kwa ajili ya Nzuki, mshonaji kutoka Mwingi, aliyeitwa Cherehani. Billow aliitwa Spana kwa sababu alikuwa nayo moja. Mzee Keynan aliitwa Burma, kwa sababu alikwenda huko na jeshi la Mwingereza na mazungumzo yake hayakurudi. Billow alikuwa chini ya gari, miguu nje. Duale hakukaa.

— Jua linashuka, Spana, alisema Duale.

— Jua inashuka kila siku. Nipe waya.

— Nimekupa waya.

— Hii ni ya kitanda. Nataka ile ngumu, ya ua ya mbuzi.

— Kwani ugonjwa wenyewe ni nini? aliuliza Nzuki.

Billow alijibu kutoka chini:

— Moto ya plagi inachelewa. Mafuta inatoka bila kuungua, inakwenda kuungulia kwa ekzosi. Na ekzosi iko na tundu.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Keynan. Wacha moto ichelewe.

— Mzee, methali hiyo si ya magari.

— Methali haina leseni, Cherehani. Inaingia popote.

Lori la jeshi likapita. Jawahir alifunika vikombe mpaka vumbi lake lilipotua. Duale alizunguka gari, akashika mlango, akauachia.

— Mimi nasema shida ni tangi, alianza tena Keynan. Chombo ya maziwa ikinuka, mama anafanya nini? Anatia kijinga cha moto ndani, moshi inaua uchafu, maziwa inakuwa tamu. Tangi si chombo?

— Utie kijinga ndani ya tangi ya petroli, alisema Nzuki polepole.

— Kidogo tu.

— Basi ngoja nihamishe cherehani yangu kwanza.

— Na mimi nihamie Takaba, kule mpakani, alisema Duale. Adeer, mzee wangu, kunywa kahawa.

— Nakunywa. Na ninafikiri. Debe tupu haliachi kuvuma. Gari inalia kwa sababu haina mzigo. Tia mawe nyuma.

— Nyuma anakaa mama yangu.

— Atakaa juu ya mawe.

Jawahir alimwambia hapo kwamba akiendelea atamwagiwa birika. Keynan hakusikia. Alikuwa ameshafika Burma.

— Kule msituni tulikuwa na nyumbu. Nyumbu akilia, Mjapani anajua uko wapi. Basi daktari ya jeshi alikuwa anamlaza chini, anamkata hapa kooni, kamba ya sauti. Wallahi, akiamka anabeba mzigo mpaka mwisho ya vita, kimya. Koo ikikatwa tu…

Kidole chake kilibaki shingoni. Hakuna aliyemtazama. Jawahir alisugua kikombe kilichokuwa safi.

— Nilikuwa nasema nyumbu, alisema Keynan.

— Tumesikia, adeer, alisema Duale.

— Mama yenu atakatwa na daktari ya watu. Si ile.

— Tumesikia.

Billow alitoka chini, uso mweusi. Hakuwa na kipimo cha fundi, kwa hiyo alifungua kifuniko cha distributa, kile kinachogawia plagi moto, na kupima mwanya wa ndani kwa wembe wa kunyolea. Kisha alizungusha distributa yenyewe kidogo, akakisia, akairudisha nusu. Tundu la ekzosi alilifunika kwa bati la kopo la samli, akalikaza kwa waya, akakandika kwa majivu na udongo wa mtoni. Nzuki alikuwa ameshona mapazia ya madirisha ili vumbi lisimfikie mgonjwa, akayatundika wakati huo huo, akilalamika kwamba gari halina pembe iliyo sawa na nyingine.

— Washa, alisema Billow.

Duale aliwasha. Qaalin alitetemeka, akatulia. Duale alilizungusha soko zima. Mbuzi waliozoea kutawanyika walibaki wakila makatoni. Hakukuwa na mlio.

— Mnaona, alisema Keynan. Nilisema ni tangi.

— Tangi haikuguswa, alisema Billow.

— Ndiyo maana imepona. Iliogopa.

Walicheka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Duale akakaa. Jawahir alipitisha sahani ya buni. Kila mtu alichovya vidole katika samli na kujipaka kichwani na mikononi, kama inavyofanywa penye heri.

Ndipo Rahmo alipofika. Hakuwa mtu wa kijiweni. Alikuja akipumzika kila baada ya ukuta, shuka imefunika shingo, na Duale akampisha ubaoni.

— Hooyo, tumelimaliza. Halilii tena.

— Nimeona likipita, alisema Rahmo. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na aliitoa kidogo kidogo. Akaongeza: nilidhani ni gari la mgeni.

— Ni letu.

— Nimewauzia maziwa wale wa kizuizini, pale darajani. Miaka hii yote. Gari lenu wanalijua. Alfajiri hawaoni, wanasikia tu. Likilia wanasema, huyo Duale, inueni mti.

Alivuta pumzi.

— Kesho litakuja bila taa na bila mlio. Watajuaje ni sisi?

Billow alifuta mikono, ingawa kitambaa kilikuwa kichafu kuliko mikono.

— Twende tuwaambie sasa, alisema Duale.

— Walio pale sasa wanamaliza zamu jua likizama, alisema Rahmo. Wa alfajiri wako kambini.

— Tufungue tundu, ilie mpaka darajani, alisema Keynan.

— Ng'ambo ya daraja ni msafara, alisema Billow. Wapya wako hapo.

— Basi tuifunge koor, kengele ya ngamia. Kila mtu anajua kengele ni amani.

— Kwenu ni amani, alisema Nzuki. Askari wa Machakos akisikia kengele ya ngamia gizani anafikiri ni mzigo wa shifta. Hata mimi ningefikiri hivyo.

 Duale alikuwa amesimama tena. Keynan alinyoosha kikombe, na Jawahir akainamisha birika. Yalitoka mashapo tu. Filimbi ya kafyu ikalia upande wa bomani, wakatawanyika.

Katika familia yetu husemwa kwamba Duale aliwaza usiku kucha, kisha kwa busara akaamua gari lisukumwe likiwa limezimwa, ili askari waone mikono ya watu. Jawahir, nilipomsomea haya, alisema si hivyo. Qaalin alikataa kuwaka. Wote waliokuwa na maoni jana yake walipewa mahali pa kusukuma, naye Jawahir akashika upande alioketi mama yake. Walikwenda darajani kiza kikiwa hakijaisha, na njia nzima Keynan alikuwa akimshtaki Billow kwa kuharibu gari zima la watu, na Billow akimjibu, na Nzuki akiwaomba wote wawili watumie pumzi kusukuma. Kizuizini askari mmoja aliuliza nani hao. Mwingine akausikiliza ule ugomvi, akamwambia inua mti, hao ni wa ubaoni. Ng'ambo, lori la msafara liliwavuta kidogo, gari likawaka, na halikulia mpaka Nairobi.

Rahmo alikatwa tezi. Sauti yake ilirudi nene, akaishi mpaka 1979. Duale nimekwisha kumtaja. Billow alifariki Wajir. Keynan alihamia Hulugho na habari zake zikakatika, kwa hiyo simweki upande wowote. Walio hai ninaowajua ni wawili: Nzuki, kwao Mwingi, na Jawahir.