Theluthi Mbili ya Mama Dativa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, na jirani asiye na redio mwiteni. Leo tunamkumbuka Febronia, Mama Dativa wa Lipangalala, hapa Ifakara. Mjane, mkaanga vitumbua. Amezikwa Jumanne. Na waliomzika, wengi wao walikuwa hawamsalimii.

Yalianzia kwenye chama chao cha kuzikana, chama chenye wanachama tisini. Mwaka tisini na saba mwenyekiti, Teofili, alitaka katiba ibadilishwe: mume akifa, mjane naye atoke. Mume wa Febronia alikuwa na miaka mitatu kaburini. Basi maana yake ilikuwa moja: Febronia akifa, chama hakimjui.

Teofili akaitisha mkutano mwezi wa tano. Mwezi wa tano, wapendwa! Nani wa bonde hili hajui watu wako wapi mwezi wa tano? Wako mashambani, juu ya madungu, wanafukuza ndege kwenye mpunga. Kati ya tisini wakaja arobaini na mmoja. Teofili akasema pendekezo lake, mikono arobaini ikanyooka.

"Imepita," akasema. "Wote tumekubali."

Febronia akasimama, unga wa mchele bado mikononi. "Shikamoo, mwenyekiti. Imepita wapi?"

"Kaa chini, mama. Vitumbua vinaungua."

Watu wakacheka. Hakukaa. Akafungua pindo la khanga, akatoa katiba iliyokunjwa mara nne. "Kifungu cha kumi na mbili. Pendekezo liandikwe, wanachama walisome siku ishirini na moja. Halafu theluthi mbili ya wanachama wote. Wote, si waliopo. Yaani sitini. Hata Bunge likigusa katiba ya nchi, inatakiwa theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliofika siku hiyo."

"Mheshimiwa mbunge!" akadakia Fulgensi, katibu. "Dodoma umepapita!"

Wacheke wasicheke, kifungu kilikuwepo. Pendekezo likaandikwa, likabandikwa ukutani kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mwezi wa nane, mavuno yakiwa ndani, wakakutana tena. Kura za ndiyo hamsini na mbili. Zilitakiwa sitini. Wengi walimkataa kweli, wapendwa, tusidanganyane. Ila hawakutosha.

Basi wakamsusa. Dativa, binti yake, anasimulia: "Mama anakaanga, mnunuzi hakuna. Akifika kisimani, maneno yanakatika. Nikamwambia, mama, si ujitoe tu? Akanijibu, nitoke ili Teofili alale vizuri?"

Hakutoka. Na kumbe kulikuwa na kifungu cha nane, ambacho hakuna aliyekigusa: mwanachama akifa, mwenyekiti ndiye anayeanza kuchimba kaburi. Jumanne asubuhi Teofili, miaka yote hiyo bado mwenyekiti, akaja na jembe, uso umekunjamana. Akapiga jembe la kwanza kwa hasira.

"Mwanamke huyu," akasema, "mpaka leo ananituma."

Fulgensi alikuwa amesimama pembeni. "Chimba, mwenyekiti," akasema. "Ni katiba."

Dativa na wadogo zako, poleni sana. Studio nzima tuko nanyi. Teofili, pole yako haimo humu.

Na wewe unayetusikiliza, kaitafute katiba ya chama chako, hata kama iko chini ya godoro. Siku ukiambiwa unyooshe mkono, kwanza uliza nani yuko shambani.